Hewa ya mwaka 1878 bado ipo



Ukisali Masifu ya Asubuhi siku ya Jumapili, mara nyingi unakutana na ule wimbo wa vijana watatu, Danieli sura ya 3. Wako ndani ya tanuru la moto, na humo humo wanaalika baridi, barafu na theluji zimsifu Bwana. Kijana wa Tabora atauliza: barafu inanihusu nini? Mimi ninayoijua ni ile ya kununua stendi, jua la Oktoba likiwaka.

Inakuhusu sana. Juni 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo kwa miguu wakifuata njia ya misafara. Tabora ndipo walipogawana: wengine Ujiji, wengine Ziwa Nyanza hadi Uganda, akiwemo Padre Siméon Lourdel ambaye Waganda humwita Mapeera. Njia hiyo hiyo walipita wapagazi Wanyamwezi na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliofungwa minyororo, ambao wengi wao hatuna hata majina yao.

Sasa, hewa waliyovuta watu hao wote, sampuli yake ipo mpaka leo. Iko Antaktika.

Ipoje? Kule theluji ikianguka haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ya mwaka jana, uzito unaongezeka, na ikifika chini mita kadhaa, kama 60 hadi 100 hivi, matundu yanafunga na hewa inabaki ndani kama viputo. (Kwa hiyo hewa huwa changa kuliko barafu iliyoifunga, na wanasayansi inabidi wapige hesabu ya tofauti hiyo.) Wanatoboa kwa kekee, wanavuta kipande kirefu cha mviringo, wanakiponda ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha wanapima kinachotoka. Na kwa kuwa upepo huchanganya hewa ya dunia nzima, hewa ya Antaktika na ya Tabora hazitofautiani sana kwa kiasi cha hewa ukaa.

Mwaka ule wa 1878 kulikuwa na hewa ukaa karibu chembe 290 katika kila chembe milioni za hewa. Barafu iliyopimwa kwa mfululizo inarudi nyuma miaka 800,000, na muda wote huo kiwango kilipanda na kushuka kati ya 180 hivi na 300. Basi. Papa Fransisko, katika Laudate Deum ya Oktoba 2023, anakumbusha kuwa kabla ya viwanda kiwango kilikuwa chini ya 300, na kwamba Juni 2023 kilifika 423. Wanaodhani Papa alijitungia siasa, namba hizo haziko kwenye siasa, ziko kwenye vipimo.

Hata barafu yetu wenyewe imesomwa. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa Kilimanjaro mara sita. Kati ya 1912 na mwaka huo, eneo la barafu ya mlima lilikuwa limepungua kwa asilimia 80 hivi.

Nani kachoma? Zaidi ni makaa ya mawe na mafuta ya nchi za viwanda. Papa Fransisko mwenyewe aliandika kuwa sehemu ya Afrika ni ndogo mno. Ni kweli, na tuiseme bila aibu, maana ni suala la haki. Ila miombo yetu inayoishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, moshi wake nao unapanda. Mizinga ya nyuki inapungukiwa miti, na hilo halijaletwa na mzungu yeyote.

Mkikutana VIWAWA wiki hii, someni Danieli 3:52-90 polepole, kisha sura ya kwanza ya Laudate Deum. Anayelima tumbaku apewe nafasi ya kuongea kwanza. Yeye ndiye anayejua bei ya kuni.