Je, Wakatoliki Tunamwita Lusiferi Usiku wa Pasaka?



Wiki chache baada ya Pasaka, binti mmoja wa kwaya yetu alinitumia klipu fupi kwenye WhatsApp. Ndani yake mtu anacheza Mbiu ya Pasaka iliyoimbwa kwa Kilatini, anaisimamisha kwenye neno moja, *lucifer*, halafu anasema: "Mmesikia wenyewe." Chini yake yule binti aliandika: "Kaka, hii ni kweli? Maana na mimi nilisimama pale na mshumaa mkononi."

Nikamjibu kivivu: "Achana nao, hao wanatafuta watazamaji tu." Jumapili iliyofuata hakuja mazoezini. Ya pili pia hakuja. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anatania, na kwamba mimi sikuwa na jibu. Nikaenda kumwuliza paroko, nikafungua na kamusi. Leo nawashirikisha nilichokipata.

1. Neno lenyewe

*Lucifer* ni Kilatini cha kawaida kabisa: *lux* ni mwanga, *ferre* ni kubeba au kuleta. Yaani "mleta mwanga". Warumi waliitumia kutaja kitu unachoweza kukiona mwenyewe ukiamka mapema: ile nyota kali inayong'aa mashariki kabla ya jua kuchomoza. Kumbe si nyota hasa, ni sayari. Sisi tunaiita Zuhura, jina lililotoka Kiarabu, lenye mzizi wa kung'aa. Ndiyo maana hata mabinti huitwa Zuhura, na hakuna anayeshtuka.

Wagiriki waliiita *Phosphoros*, maana ile ile: mleta mwanga. Waliosoma Kemia mnaikumbuka fosforasi. Jina ni hilo hilo, kwa sababu inatoa mwanga gizani. Na Zuhura inapoonekana jioni upande wa magharibi, Wagiriki waliiita *Hesperos*. Ndugu yake wa Kilatini ni *vesper*, na hapo ndipo yalipotoka *Vesperae*, Masifu ya Jioni. Sayari ni moja, majina mawili.

2. Limefikaje kwa Shetani?

Fungua Isaya 14. Mstari wa 4 unasema wazi kwamba huo ni utenzi wa kumdhihaki mfalme wa Babeli. Alijiinua mpaka akajiona yuko juu ya nyota, na sasa ameangushwa chini. Katika mstari wa 12 nabii anamfananisha na nyota ya alfajiri. Kwa Kiebrania neno ni *helel*, mwenye kung'aa. Mtakatifu Yeronimo alipotafsiri Biblia kwa Kilatini, mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ya 5, akaandika *lucifer*. Alitafsiri jina la nyota, basi.

Lakini mababa wa Kanisa, kwa mfano Orijeni, waliuona katika mfalme huyo mfano wa yule malaika mwenye kiburi aliyeanguka. Waliusoma pamoja na Luka 10:18, Yesu anaposema kuhusu kuanguka kwa Shetani. Polepole neno la kawaida likawa jina la mtu.

Ushahidi kwamba mwanzoni halikuwa hivyo? Katika karne ya 4 kulikuwa na askofu wa Cagliari, kisiwani Sardinia, aliyeitwa Lusiferi. Alipelekwa uhamishoni kwa kumtetea Mtakatifu Atanasi dhidi ya Waario. Askofu mzima, jina Lusiferi!

3. Basi Mbiu ya Pasaka inamwita nani?

Fungua 2 Petro 1:19. Kuna nyota ya asubuhi inayozuka mioyoni mwetu. Kigiriki ni *phosphoros*, na tafsiri ya Kilatini inasema *lucifer*. Kisha Ufunuo 22:16: Yesu mwenyewe anajiita nyota ya asubuhi. Mbiu ya Pasaka inafuata njia hiyo hiyo. Inaomba mwali wa mshumaa ukutwe bado unawaka na nyota ya asubuhi, halafu inaeleza ni nyota ipi: ile isiyotua kamwe, Kristo mfufuka. Jamani, klipu ilikatwa kabla ya hapo.

4. Na Mama Maria je?

Katika Litania ya Loreto, aliyoiidhinisha Papa Sixtus V mwaka 1587, tunamwita Maria "Nyota ya asubuhi". Zuhura haina mwanga wake yenyewe. Mawingu yake mazito yanarudisha takriban robo tatu ya mwanga wa jua unaoyapiga. Maria yuko hivyo: mwanga wote ni wa Mwanae, na anapoonekana yeye, ujue jua li karibu. Mfalme wa Babeli alitaka kung'aa peke yake, akaanguka. Nyota ni ile ile, tofauti ni kiburi na unyenyekevu.

Nilimpelekea yule binti haya yote, tukakaa nje ya kanisa na Biblia mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa kaka, mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na la kusema zaidi ya kumwomba radhi. Mtume Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza juu ya tumaini letu, tena kwa upole (1 Pet 3:15). "Achana nao" si jibu.

Ya kutafakari wiki hii

- Ni swali gani la imani nimelikwepa kwa sababu sikujua jibu?
- Ninapong'aa, kwenye kwaya, masomoni au mitandaoni, watu wanauona mwanga wa nani?

Kesho tuamke mapema kidogo. Ikiwa ni majira yake, utaiona mashariki. Itazame, kisha sali: Bwana Yesu, nyota usiyetua, uzuke moyoni mwangu. Amina.