Wanafunzi Wakitembelea Kiwanda cha Chakula: Watazame Nini, Warudi na Nini Kambini?



Shule nyingi siku hizi hupeleka wanafunzi kutazama vinu vya unga na viwanda vya mikate. Nchini Uganda somo la Lishe na Teknolojia ya Chakula limo katika mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020. Wazazi wengine huona ziara hizo ni matembezi tu. Somo hili linaeleza kwa nini si matembezi, na jinsi watu wa nyumbani wanavyoweza kufaidika nayo.

TUANZE NA MFANO WA NABUYOGA

Nabuyoga iko wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Ni katika wilaya hiyo, huko Mulanda, ndiko Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 walikopokelewa kabla ya wengi wao kuhamishiwa Kiryandongo. Mipaka ya Malaba na Busia haiko mbali. Ngano nyingi inayoliwa Uganda hushuka bandari ya Mombasa na kuvuka hapo. Mahindi ya wakulima wa Uganda huvuka kwenda Kenya.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti. Moja lilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Basi mwanafunzi wa Nabuyoga anayeuliza kinuni, "Mnapimaje mahindi?" anauliza habari ya shamba la baba yake.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO?

Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 125 walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa.

Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, zaidi ya watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa uji wa msaada uliotoka kiwanda cha nje. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbegu za gugu lenye sumu ziliingia katika malighafi. Ugawaji wa unga huo ulisimamishwa. Alama za mifuko husaidia kujua unga ulikotengenezwa.

Mfano wa kwanza ni wa nyumbani, wa pili ni wa kiwandani. Yote miwili inafundisha jambo moja: chakula hulindwa tangu nafaka inapopokelewa. Kosa likipita hapo, jiko haliliondoi.

KABLA YA SAFARI

1. Mwanafunzi mkimbizi abebe kitambulisho chake. Mwalimu aulize mapema ofisi ya kambi kama kibali cha kutoka kinahitajika.
2. Chagueni kiwanda kilicho upande wenu wa mpaka. Mkimbizi asivuke kwenda nchi nyingine bila hati ya kusafiria.
3. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Vueni pete, bangili na hereni. Funikeni nywele.
4. Anayeharisha, anayetapika au mwenye kidonda wazi mkononi abaki nyumbani. Asione amenyimwa haki. Hata mfanyakazi wa kiwanda mwenye hali hiyo haruhusiwi kugusa chakula.

NDANI YA KIWANDA: FUATA UNGA

Usizunguke ovyo. Ufuate unga tangu unapoingia hadi mkate unapotoka. Tazama mambo haya:

Mapokezi. Je, magunia yamewekwa juu ya mbao, mbali na ukuta? Lililoingia kwanza ndilo linalotumika kwanza?

Kuchekecha. Unga hupitishwa kwenye chekeche ili kutoa wadudu, nyuzi na mawe. Viwanda vikubwa hutumia pia sumaku kunasa vipande vya chuma.

Kupima. Kila kitu hupimwa kwa mizani: unga, maji, chumvi, sukari, hamira. Mkate hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ukiwa tanurini. Kwa hiyo mkate wa gramu 500 huhitaji donge la gramu 560 hivi.

Kuumuka na kuoka. Donge huachwa mahali penye joto liumuke, kisha huokwa katika joto la nyuzi 200 au zaidi.

Kupoza. Hapa ndipo waokaji wengi wadogo hukosea. Mkate ukifungwa ungali moto, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko na ukungu huota upesi. Kiwandani mkate hupozwa kwanza, ndipo hukatwa na kufungwa.

Mikono. Hesabu sehemu za kunawia mikono. Je, zina sabuni na maji? Anayeshika unga mbichi ndiye anayefunga mikate?

Kumbuka: usiguse mashine wala chakula mpaka uruhusiwe.

MAMBO YA KURUDI NAYO KAMBINI

Sumaku na mizani mikubwa hatuna. Lakini kazi zenyewe tunaweza kuzifanya.

- Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo.
- Pima unyevu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Yaanike tena.
- Chambua. Tupa punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usimpe mtoto, wala kuku, wala usipikie pombe.
- Weka mgawo wako juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta unaovuja.
- Chekecha unga kila mara kabla ya kukanda.
- Kama unaoka mikate au mandazi ya kuuza, poza kabla ya kufunga, na asiyeshika pesa ndiye ashike chakula.
- Ukiona unga wa mgawo una harufu, rangi au ladha isiyo ya kawaida, usiupike. Uhifadhi pamoja na mfuko wake wenye alama, na utoe habari siku hiyo hiyo kwa kiongozi wa bloku na kituo cha afya. Bila mfuko ni vigumu kujua ulitoka wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika bloku yetu, mahindi hulowa wapi zaidi: njiani, kwenye ugawaji au nyumbani?
2. Mwanafunzi wako alipotoka kiwandani, je, ulimwuliza aliona nini? Mpe nafasi aeleze mbele ya familia.
3. Ni jambo gani moja katika orodha hii mnaweza kulianza wiki hii bila pesa?

Msomee jirani asiyejua kusoma.