Chumvi Jikoni, Chumvi Mdomoni

Kusoma: Mathayo 5:13, Marko 9:49-50, Wakolosai 4:6



Chumvi yetu hapa Garsen haitoki mbali. Ukishika barabara ya Malindi utapita Marereni na Gongoni, na upande wa baharini kuna mabwawa mapana ambamo maji ya bahari huingizwa, jua likayakausha, chumvi ikabaki chini ikakusanywa. Ikifika dukani ni ya bei ndogo, ndiyo maana tukisoma Yesu akiwaita wanafunzi wake chumvi ya dunia, tunapita haraka. Wale waliomsikia hawakuwa na friji. Walielewa.

Hebu uliza wavuvi wa Ziwa Shakababo. Kambare akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, anakaa siku nyingi. Akiachwa hivi hivi, na joto hili letu, kesho yake hakaribiki. Chumvi inavuta maji yaliyo ndani ya nyama, na vijidudu vya kuozesha vinakosa pa kuishi. Lakini ni lazima ipakwe, iingie mpaka ndani. Chumvi iliyobaki kwenye pakiti haijaokoa samaki hata mmoja, nasi tunapenda sana kukaa kwenye pakiti: ibada, kwaya, mkesha, sote wenyewe kwa wenyewe.

Watu huuliza, chumvi inaharibikaje? Chumvi ya kule Israeli, hasa iliyotoka pande za Bahari ya Chumvi, ilichanganyika na madini mengine. Ikipata unyevu, chumvi yenyewe iliyeyuka ikaenda, kikabaki kitu cheupe kisicho na ladha. Jicho linasema ni chumvi, ulimi unakataa.

Kuna jambo lingine ambalo ndugu zetu wa Ozi wanalijua kuliko mhubiri yeyote. Maji ya mto yakipungua, bahari inapanda na maji ya chumvi yanaingia mashambani. Mpunga unakauka, miembe inakufa imesimama. Ni chumvi ile ile inayohifadhi samaki. Kumbe chumvi ina mahali pake na kipimo chake, na ikizidi inaua. Ndipo Paulo anawaambia Wakolosai kwamba maneno yetu yawe na neema na yakolee chumvi, ili tujue kumjibu kila mtu. Anataka yakolee, hakusema yachome.

Sisi Waswahili tuna msemo, kutia chumvi, yaani kuongeza maneno. Hiyo si chumvi ya Paulo! Mtu anasimama kutoa ushuhuda, homa ya siku mbili inakuwa alikufa akafufuka. Tunacheka na kusema amina. Lakini mazoea hayo hayaishii kanisani. Mwaka wa 2012 hadi mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, wakulima na wafugaji, watoto wakiwemo. Chanzo kilikuwa na mengi ndani yake: ardhi, malisho, maji, siasa. Maneno nayo yalikuwa kuni. Hata leo, ng'ombe akiingia shambani kwa mtu, habari ikifika sokoni ni ng'ombe mia, na aliyeileta huenda ni mshirika wetu.

Sasa rudi Marko 9:50. Yesu anawaambia wawe na chumvi ndani yao, na hapo hapo, katika pumzi moja, wawe na amani wao kwa wao. Kwa Myahudi muungano huo haukuwa wa ajabu. Hesabu 18:19 inataja agano la chumvi, agano lisilooza. Hata hapa kwetu, watu waliokula chungu kimoja huona haya kudhuriana. Mpokomo ana mpunga na ndizi, Morma ana maziwa, na sote tunanunua chumvi duka moja. Wengi wa majirani hao si wa imani yetu, na Yesu hakusema sisi ni chumvi ya kanisa.

Neno moja kwa wale wanaoulizia chumvi ya upako, ile inayouzwa kwa vipakiti imwagwe mlangoni kufukuza wachawi. Kweli, katika 2 Wafalme 2:19-22 Elisha alitia chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko. Soma mpaka mwisho: aliyeponya maji ni Bwana, na Elisha hakumuuzia mtu. Chumvi yako ya shilingi chache ipikie mboga.

Kwa ushirika wa nyumbani: someni Marko 9:50 polepole, mara mbili. Kisha kila mmoja aseme, bila kutia chumvi, ni lini mara ya mwisho alikula kwa jirani wa kabila lingine, na jirani huyo alikula kwake lini.