KUCHEKECHA SI KUKATA KAULI

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaolala nyumbani husikia mengi ambayo wenzetu wa bweni hawayasikii. Mwaka jana shangazi yangu alirudi kutoka kliniki moja hapa Kakamega, akaketi jikoni bila hata kuuliza chai. Alikuwa amepimwa saratani ya mlango wa kizazi, akaambiwa tu, "Kipimo kimeonyesha. Nenda hospitali kubwa." Usiku huo alianza kumwambia mama ni nani atakayewalea watoto wake.

Kumbe hakuna aliyesema ana saratani! Mwalimu wetu wa Bayolojia ndiye aliyenifungua macho. Uchunguzi wa kwanza hufanyiwa watu wasiohisi ugonjwa wowote, ili kuwatenga wanaofaa kutazamwa zaidi. Ni kama kuchagua mahindi kwenye ungo: kila punje yenye doa unaiweka kando, lakini si zote zilizooza. Ukitaka kujua, sharti uipasue.

Mlango wa kizazi hupakwa siki hafifu. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye seli zilizobadilika huwa nyeupe. Shida ni kwamba ambukizo la kawaida pia laweza kuleta weupe huo. Kipimo cha kuthibitisha ni kingine kabisa: daktari hukata kinyama kidogo, kikatazamwe kwa hadubini. Mbona basi wasianze na hicho? Kinauma, ni ghali, na wataalamu ni wachache.

Sasa hesabu, na namba hizi ni za mfano tu. Wanawake 1,000 wamepimwa, wenye ugonjwa ni 10. Kipimo kinawanasa 9 kati yao, lakini pia kinamnasa mmoja katika kila wazima 10. Wazima ni 990, kwa hiyo 99 wataogopeshwa bure. Jumla 108 wanatumwa hospitali, wagonjwa wakiwa 9 tu! Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Na yule mgonjwa mmoja aliyeponyoka? Ndiyo maana uchunguzi hurudiwa baada ya miaka kadhaa.

Lakini jamani, wale 9 wamo humo humo, na hawajulikani mpaka wote 108 waende. Shangazi alikaa wiki sita akiogopa. Mama alipomshika mkono wakaenda, kinyama kilipimwa: saratani hakuna, ni ambukizo. Akapewa dawa. Jioni hiyo chai aliipika yeye.