USAILI WA CHUO CHA SANAA: MZAZI AKUSAIDIEJE?

Katika kila shule tunayotembelea tuna desturi moja. Kipindi kikiisha tunapitisha kopo, na kila mwanafunzi anatumbukiza swali lake kwenye kikaratasi bila kuandika jina. Mengi tunayajua hata kabla ya kuyafungua: chunusi, hedhi inayouma, mpenzi anayetaka "uthibitisho". Lakini katika shule moja wilayani Serengeti nilifungua kikaratasi kilichosema hivi: "Nataka kwenda kufanya usaili wa uigizaji Bagamoyo. Baba anasema huo ni uhuni, bora niolewe. Je, nitoroke?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilianza kujibu, kengele ikalia, na nikaondoka nikiwa na deni. Makala haya ndiyo malipo ya deni hilo. Jibu fupi ni hili: usitoroke. Jibu refu linafuata.

Usaili ni kitu gani?

Mtihani wa NECTA unaufanya kwenye karatasi, na anayesahihisha hakujui hata sura. Usaili wa sanaa ni kinyume chake. Unasimama mbele ya walimu wawili watatu. Unaweza kuambiwa uigize kipande kifupi ulichokikariri, uimbe bila ala, ufuate hatua za ngoma usiyoijua, au ubuni igizo papo hapo. Kisha unaulizwa: kwa nini unataka kusoma sanaa? Hapo ndipo wengi hukwama, maana nyumbani hawajawahi kuulizwa.

Si kila chuo kina usaili. Vingine huchagua kwa matokeo ya mtihani peke yake, na vingine hutumia vyote viwili. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza si kukariri wimbo, ni kusoma tangazo la chuo la mwaka huo kuanzia juu hadi chini. Soma pamoja na mzazi. Kama hasomi, msomee.

Na mweleze habari ambayo wazazi wengi hawana. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Ni mali ya Serikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Mzee anayedhani unakwenda kujiunga na kikundi cha wacheza disko anahitaji kusikia neno "chuo" na neno "cheti" kabla hajasikia neno "kuigiza".

Kwa nini anakataa?

Hebu tuwe wakweli. Kwetu huku hakuna mtu anayechukia ngoma. Mzee yuleyule anayesema sanaa ni uhuni, iritungu likipigwa kwenye harusi ya jirani hakai kwenye kiti. Kumbe anachokataa mara nyingi si sanaa. Anaogopa vitu vingine, na vitu hivyo vimefungwa pamoja kama kuni.

Anaogopa kwamba utamaliza chuo na kurudi kukaa bila kazi. Hofu hiyo ina msingi, usiidharau. Anaogopa nauli na ada. Anaogopa mji wa mbali ambako hana ndugu wa kukuangalia. Na kama wewe ni msichana, huenda kuna hesabu ya ng'ombe ambayo imeshaanza kupigwa bila wewe kuambiwa.

Hofu ya kazi ijibu kwa mifano anayoweza kuishika. Tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyotungwa na Medical Aid Foundation, imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini, na inahusu jambo hilihili la wazazi kutozungumza na watoto wao mpaka maji yamezidi unga. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme ili wasichana wa sekondari watumie maigizo kusema yanayowakwamisha shuleni. Hao wote ni watu walioishi kwa sanaa. Lakini usimdanganye mzee kwamba utakuwa tajiri. Mwambie ukweli: wapo wanaofundisha, wapo wanaofanya kazi redioni na kwenye filamu, wapo wanaozunguka vijijini na vikundi vya elimu ya afya, na wapo waliokosa kazi ya sanaa wakashika nyingine. Mzazi akikukuta na ukweli mmoja mchungu, atayaamini na yale mengine.

Omba kitu kidogo, kinachopimika

Vijana wengi hukosea hapa. Wanamwambia mzazi, "Naomba uniunge mkono." Sasa mzazi afanye nini? Neno hilo halina mpini, hajui aanze kulishika wapi.

Jaribu njia nyingine. Subiri jioni, mzee ameshakula, ng'ombe wameshaingia zizini, hakuna mgeni. Usianze na Bagamoyo.

"Tata, naomba nusu saa kila jioni baada ya kuosha vyombo. Nataka kufanya mazoezi nyuma ya nyumba."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kusema mbele za watu. Chuo kinapima hilo. Na Jumapili naomba wewe na mama mkae mnitazame dakika tano tu. Mkiona upuuzi, mseme."

Umeona? Hujaomba ruhusa ya kusafiri wala hela. Umeomba nusu saa na dakika tano. Mzazi aliyekutazama mara tatu ataanza kukusahihisha, na mzazi anayekusahihisha tayari yuko upande wako hata kama bado ananuna. Kama baba hakaribiki, anza na mama, shangazi, mjomba au mwalimu ambaye baba anamheshimu. Kutumia mshenga si woga.

Nauli ndiyo ije baadaye, na ije kwa maandishi. Kutoka Tarime au Mugumu hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita elfu moja, kwa hiyo andika kila kitu: basi la kwenda na kurudi, chakula cha njiani, mahali pa kulala, ada ya maombi, akiba ya dharura. Mtu anayefuga anaelewa hesabu. Anachokiogopa ni hesabu isiyo na mwisho.

Desemba

Hapa nataka tukae kidogo, hasa wasichana. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba. Matokeo hutoka Januari, na vyuo huanza miezi mingi baadaye. Katikati kuna Desemba, na Tarime na Serengeti tunaijua Desemba yetu, hasa ya miaka inayogawanyika kwa mbili, ambapo koo nyingi hufanya msimu wa ukeketaji. Msichana aliyerudi nyumbani hana ratiba, hana barua ya chuo, kila mtu anamwona amekaa tu. Pengo hilo ndilo linalojazwa na ukeketaji na posa.

Kwa hiyo mazoezi ya usaili si mchezo wa kupoteza muda. Yanawapa wewe na mzazi wako jambo la kusubiri, lenye tarehe. Mama anayeweza kuwajibu mashangazi, "Huyu ana usaili, tunamwandaa," ana jibu. Bila hilo anabaki kimya, na ukimya wake unahesabiwa kuwa ni ndiyo.

Kama hali imeshakuwa ya hatari, hatuzungumzii tena usaili. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au nyumba salama ya Mugumu, au kituo cha Masanga kwa walio Tarime, au piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa. Kukimbilia kwenye ulinzi si kutoroka.

Mwili nao unafanya usaili

Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, tumbo kuvurugika, kutaka kwenda haja ndogo kila dakika: hizo ni dalili za homoni ya adrenalini, si za kurogwa. Wasanii wakongwe nao wanazipata. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, rudia kwa dakika mbili tatu. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza moyo.

Wengine watakushauri bia "kidogo tu", bangi, au mirungi ya kutoka ng'ambo ya Sirari ili upate ujasiri. Hivyo vinakausha mdomo, vinachanganya kumbukumbu, na waalimu wa usaili wanavitambua upesi. Kuhusu kumeza mayai mabichi ili sauti iwe laini: la hasha. Unachomeza hupita kwenye njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti hata kidogo. Sauti inataka maji ya kunywa, usingizi, na kutopiga kelele siku mbili kabla. Kijana wa umri wako anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Mtu aliyeshuka kwenye basi asubuhi na kuingia ukumbini saa hiyohiyo ameshajipunguzia nusu ya nafasi yake. Ndiyo maana kwenye bajeti kuna usiku mmoja wa kulala. Na msichana, weka pedi kwenye begi hata kama siku zako bado. Wasiwasi na safari huweza kuzivuruga.

Ukiona sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kituo cha afya.

Mzazi anayezidisha

Kuna wazazi wa aina ya pili, nao tuwaseme. Hawa wanataka kuliko wewe. Ameshatangaza kanisani, ameshamwambia mjomba wa Mwanza, na kila siku anakulinganisha na mtoto wa fulani anayeonekana kwenye televisheni. Akifika chuoni anataka kuingia ukumbini na kujibu maswali kwa niaba yako. Kijana wa namna hii huniambia haogopi walimu, anaogopa kurudi nyumbani.

Kama ni wako, mpe kazi za nje ya mlango. Atunze vyeti, aangalie saa, anunue maji. Kazi za ndani ni zako.

Mimi nilisindikizwa na mama yangu kwenye usaili wa chuo kimoja. Nilisahau maneno katikati, nikasimama kama mti, nikashukuru, nikatoka. Mama alikuwa amekaa kivulini na mkoba wake. Alinitazama usoni akauliza, "Umekula?" Tukaenda kula mihogo. Hakuuliza lolote mpaka basi lilipofika Morogoro, ndipo akasema, "Mwakani utataka kurudi?" Nikasema sijui. Akasema, "Haya." Mpaka leo sijapata ushauri nasaha uliozidi ule. Sikurudi mwakani. Nilisoma mambo mengine, na leo nafundisha afya vijijini kwa maigizo.

Gesti si ukumbi

Jambo la mwisho, nalo usiliruke. Usaili hufanyika chuoni, mchana, mbele ya watu zaidi ya mmoja. Mtu yeyote anayekuita gesti, nyumbani kwake au kwenye gari "ili akuone vizuri", hata kama ni mwalimu wa kweli, hatafuti kipaji chako. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure. Haiwahusu wasichana peke yao. Wavulana nao huitwa, ila huona aibu zaidi kusema.

Vilevile jihadhari na "wakala" anayetaka umtumie hela kwenye simu yake ili akupatie nafasi. Malipo ya taasisi za Serikali huenda kwa kontroli namba. Asiye nayo, mwache.

Hapa ndipo mzazi ana kazi kubwa kuliko zote. Kabla ya kuondoka, kubalianeni neno moja la siri. Ukimpigia ukasema, kwa mfano, "Yule ndama mweusi amepona?", ajue kwamba uko mahali pabaya, na aseme kwa sauti ya kusikika, "Rudi sasa hivi, bibi anaumwa." Mwahidi kwamba utapiga. Naye akuahidi kwamba akipokea simu hiyo hatauliza kwanza ulifuata nini huko.

Zoezi: Wiki hii andika bajeti ya safari yako kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Chini yake andika maswali matatu ambayo unadhani mzazi wako atauliza, na uache nafasi wazi. Mpe kalamu ajaze ya kwake.