Unapotumia antibayotiki: Bakteria rafiki huchaguliwa kwa jina, idadi na saa



Hali hii inazikuta nyumba nyingi. Mtoto anaugua nimonia, anapelekwa hospitali na anaandikiwa amoksilini ya siku tano. Siku ya pili homa inashuka, watu wa nyumbani wanashukuru. Siku ya tatu mtoto anaanza kuharisha. Mama anaitazama chupa ya dawa kwa wasiwasi, kisha anasema: "Dawa hii imemkataa mwanangu." Chupa inawekwa juu ya kabati na dozi inakatikia njiani. Ugonjwa ambao ulikuwa haujakwisha unapata nafasi ya kurudi.

Wiki hii tutaangalia kwa nini kuharisha huko hutokea, na namna ya kuchagua na kupima bakteria rafiki, yaani probayotiki, ambao siku hizi wanauzwa katika maduka mengi ya dawa. Ni vyema ikaeleweka mapema kuwa dawa hizi si za kila mtu, wala kila pakiti yenye neno hilo haina faida sawa na nyingine.

Kwa nini dawa ya kuponya inaharisha?

Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi matrilioni ya bakteria. Wengi wao hawana madhara. Wanasaidia kuvunja mabaki ya chakula, wanatengeneza baadhi ya vitamini kama vitamini K, na wanashika nafasi ili wadudu wabaya wasipate pa kukaa.

Antibayotiki haichagui. Inapowaua bakteria wa nimonia kwenye mapafu, inawaua pia walinzi walioko tumboni. Mabaki ya chakula yanabaki bila kuvunjwa, yanavuta maji ndani ya utumbo, na mgonjwa anaharisha. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, dawa za jamii ya sefalosporini na klindamaisini ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili.

Mara nyingi kuharisha huku ni kwepesi na hukoma dawa inapokwisha. Lakini pale walinzi wanapokufa kwa wingi, bakteria anayeitwa C. difficile huweza kushika nafasi yao na kutoa sumu inayounguza utumbo. Huyu ni hatari, hasa kwa wazee na wagonjwa waliolazwa, na huweza kuua.

Tafiti zinasemaje?

Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) walieleza kuwa probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, mtu akipewa kwa kiasi cha kutosha, humpatia faida ya kiafya. Zingatia masharti mawili hapo: wawe hai, na wawe wa kutosha.

Mwaka 2019 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 33 zilizohusisha watoto zaidi ya 6,000 waliokuwa wakitumia antibayotiki. Kati ya waliopewa probayotiki, walioharisha walikuwa asilimia 8. Kati ya ambao hawakupewa, walikuwa asilimia 19. Faida ilionekana zaidi kwa waliopata bakteria bilioni 5 au zaidi kwa siku.

Hata hivyo, mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa karibu 3,000 wa Uingereza na Wales, wote wenye umri wa miaka 65 au zaidi. Walipewa mchanganyiko wa bakteria wa aina nne, bilioni 60 kwa siku. Hapakuwa na tofauti kati yao na waliopewa vidonge vitupu. Tunajifunza kuwa wingi peke yake hautoshi. Ni lazima pia kujua ni bakteria gani.

Kwanza: Chagua kwa jina

Bakteria ana jina la ukoo, jina la aina na alama ya nasaba yake. Pakiti iliyoandikwa "Lactobacillus" tu ni kama barua iliyoandikwa "kwa Bwana Juma, Dar es Salaam". Haitamfikia mtu.

Wawili ndio wenye ushahidi mzuri zaidi katika kuzuia kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Hao ndio waliopendekezwa mwaka 2023 na ESPGHAN, chama cha Ulaya cha wataalamu wa magonjwa ya tumbo kwa watoto:

1. Lactobacillus rhamnosus GG. Huyu ni bakteria. Tangu mwaka 2020 wanasayansi wamebadilisha jina lake la ukoo kuwa Lacticaseibacillus, hivyo usishangae ukikuta jina hilo kwenye pakiti. Tafuta zile herufi mbili, GG.

2. Saccharomyces boulardii. Huyu si bakteria bali ni hamira, ndugu wa hamira ya maandazi. Aligunduliwa miaka ya 1920 na Mfaransa Henri Boulard huko Indochina. Kwa kuwa ni hamira, antibayotiki haimuui. Kinachomuua ni dawa za fangasi kama flukonazoli na nistatini. Ukiwa unatumia dawa hizo, usipoteze fedha yako kwake.

Pili: Chagua kwa idadi

Kwenye pakiti idadi huandikwa kwa herufi CFU, yaani hesabu ya vijidudu vilivyo hai. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto na chenye ushahidi ni kuanzia bilioni 5 kwa siku. Kwa L. rhamnosus GG, tafiti nyingi zimetumia bilioni 10 hadi 20 kwa siku. S. boulardii hupimwa kwa miligramu, na kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni miligramu 250 mara mbili kwa siku. Kwa mtoto mdogo, mfamasia au daktari ndiye apange.

Soma pia idadi hiyo ni ya lini. Pakiti nzuri huonesha idadi itakayokuwepo mpaka mwisho wa muda wa matumizi. Kama ni idadi ya siku ya kutengenezwa, wengi wanaweza kuwa wamekwisha kufa njiani. Pakiti nyingi huagiza zisiwekwe penye joto la zaidi ya nyuzi 25, na sisi tunaoishi pwani tunajua nyumba zetu zinavyochemka. Muulize muuzaji aliihifadhi wapi. Nyumbani, fuata maelezo ya pakiti, na kamwe usiikoroge dawa hii kwenye chai au uji wa moto.

Tatu: Tumia kwa saa

Anza mapema, siku ile ile ya kwanza ya antibayotiki kama inawezekana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu wazima waliolazwa ulionesha kuwa kinga dhidi ya C. difficile ilikuwa kubwa zaidi pale probayotiki ilipoanzwa ndani ya siku mbili tangu dozi ya kwanza.

Kama umechagua bakteria, acha angalau saa mbili kati yake na antibayotiki. Kwa mfano, mwenye kumeza antibayotiki saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, ameze bakteria saa 4 asubuhi na, kama anatakiwa kurudia, saa 4 usiku. Hamira haina sharti hilo.

Endelea mpaka dozi ya antibayotiki iishe, na wengi huongeza wiki moja. Usiendelee kwa miezi ukidhani unajenga tumbo. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann walionesha kuwa watu wazima wenye afya waliopewa mchanganyiko wa bakteria baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kupewa kitu. Faida ya kuzuia kuharisha ipo, lakini si kwamba ukizidisha ndiyo unapona zaidi.

Mtindi je?

Mtindi ni chakula kizuri, lakini usiuhesabu kama dozi, kwani idadi na nasaba ya bakteria wake haijulikani. Aidha, mtindi wa maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta brusela. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo ugandishe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kuwa kalisiamu ya maziwa na mtindi huishika dawa ya siprofloksasini au tetrasaiklini tumboni, ikashindwa kuingia kwenye damu. Meza dawa hizo kwa maji, na utenganishe na maziwa kwa angalau saa mbili.

Ganda la kidonge na mwezi wa Ramadhani

Vidonge vingi vya probayotiki vina ganda la jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Soma pakiti. Yapo maganda ya mimea, na zipo dawa za unga kwenye vifuko. Kama pakiti haisemi, muulize mfamasia akutafutie nyingine. Hakuna sababu ya kukaa na shaka wakati mbadala upo.

Kwa Ramadhani, dawa ya mara mbili kwa siku huweza kupangwa wakati wa futari na daku kwa ushauri wa daktari, na bakteria wakamezwa saa 3 au 4 usiku. Lakini dawa ya kila baada ya saa nane haiwezi kubanwa usiku peke yake. Usijipunguzie dozi ili ufunge. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 185.

Nani asitumie bila daktari?

Hawa ni vijidudu hai, na kwa mwenye kinga dhaifu huweza kuingia kwenye damu. Asitumie bila ruhusa ya daktari mgonjwa mahututi, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, anayetibiwa saratani, wala mwenye UKIMWI uliokithiri. Mtoto njiti asipewe kabisa nyumbani. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kuhusu watoto hao.

Kama kuharisha kumekwisha kuanza

Usikatishe antibayotiki kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia. Wakati huo huo mpe mgonjwa maji ya ORS kila anapoharisha, na mtoto anyonyeshwe na ale kama kawaida. Mtoto wa zaidi ya miezi sita hupewa zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na wa chini ya hapo miligramu 10. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua ORS na zinki, uiache probayotiki dukani.

Nenda hospitali haraka ukiona damu kwenye choo, homa kali, maumivu makali ya tumbo, macho yaliyodidimia au mtoto asiyeweza kunywa. Dawa ya kufunga tumbo isitolewe kwa mwenye dalili hizo.

Baada ya kustanji na baada ya kumsafisha mgonjwa, osha mikono kwa maji na sabuni. Dawa ya mikono yenye spiriti haiui mbegu za C. difficile. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo huziondoa.

Na kabla ya yote hayo, ndugu msomaji, jiulize kama hiyo antibayotiki inahitajika. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Walinzi wa tumbo ambao hukuwaua bila sababu, hutahitaji kuwanunua dukani.