Uzeeni Ugenini: Somo Kutoka Kwale



Wengi wetu tulivuka mpaka kutafuta kazi. Nguvu zikiisha, mtu na mkewe hubaki pale pale walipozalia watoto. Je, wataishije?

Tutazame Kenya. Tangu miaka ya 1930 Wamakonde kutoka Msumbiji walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wengi walizeekea Kwale bila kitambulisho. Mzee asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Anaishi nyumbani kwake kama mpita njia.

Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2018 nchi hiyo ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Asiye na kitambulisho angejiandikishaje?

Tunajifunza nini?

1. Tunza barua ya kuajiriwa na hati za makato ya akiba ya uzeeni.

2. Andikisheni ndoa. Mume akifa, mjane asiye na cheti atadai kwa lipi?

3. Shughulikia hati za ukaazi ungali kazini, si baada ya kustaafu.

4. Wamakonde hawakwenda mmoja mmoja. Umoja ni nguvu.

Swali la kujadili tawini: Katika shamba letu, nani hana hati, na tutamsaidiaje?